Kabla bi harusi hajawekwa ndani

Kwenye kundi letu mimi ndiye mweka hazina wa maisha. Sikugombea. Tukiwa chuo nilikusanya nauli za kwenda kwenye msiba wa mwenzetu, zikabaki shilingi kadhaa, nikazirudisha pamoja na hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Tangu hapo, liwe jambo la heri au la kilio, pesa zinaletwa kwangu. Kwa hiyo mwenzetu mmoja alipovishwa pete katikati ya mwaka 2024, na WhatsApp ikajaa picha za fukwe na yale maboya ya pinki yenye umbo la heroe, nilikaa nikisubiri tu mtu aandike: "Sasa mweka hazina, inakuwaje?"

Wazo lilikuwa wikiendi ya kumuaga bi harusi, sisi marafiki peke yetu, Ijumaa hadi Jumapili, Unguja. Mama zetu hawakuwa na kitu hiki. Walikuwa na unyago na singo, yaani mwari kusuguliwa ngozi kwa maua yaliyotwangwa, baadaye zikaja kichen pati na sherehe za kuagwa, na zote hizo zipo mpaka leo. Hakuna hata moja iliyoondolewa ili safari ipate nafasi. Mwanamke wa Dar anayealikwa safari kama hii ameshapokea kadi ya mchango wa harusi, anadaiwa mchango wa kichen pati, ana kitenge cha sare kinachomsubiri kwa fundi, na upande wa ukoo wake kuna harusi nyingine mwezi huohuo. Safari inakuja kukaa juu ya hayo yote. Unafikiri atasema nini? Hawezi kuandika "sina" mbele ya wenzake. Ataweka alama ya dole gumba, atanyamaza mpaka wiki ya mwisho, halafu mtoto ataugua.

Nimeshuhudia watoto wengi wakiugua wiki ya safari, nami sijawahi kuuliza wanaumwa nini. Kutafuta nyumba na kukata tiketi za boti ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kupanga mambo kiasi kwamba mtu asifikishwe mahali pa kukiri hadharani kitu kinachomwondolea hadhi: kwamba hana pesa, hajui kuogelea, hanywi, au mume hajaridhia.

Kwa hiyo kabla kiwango chochote hakijatajwa kundini, nilimpigia kila mmoja simu, usiku, watoto wakiwa wamelala. Sikuuliza "laki nne utaweza?" Swali hilo kila mtu hujibu ndiyo. Niliuliza hivi: kwa mwezi, ni kiasi gani kikikutoka hakitagusa kodi wala ada? Mmoja alitaja laki na nusu bila kupumua. Mwingine alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema hamsini. Nikashika hiyo hamsini. Kesho yake nilitangaza kana kwamba ni uamuzi wangu tu: 50,000 kila mwezi kuanzia Agosti hadi Desemba, jumla 250,000 kwa kichwa, tuko saba wa kulipa, bi harusi halipi. Mwenye laki na nusu akauliza kama tutalala kwenye turubai. Nikamwambia anayetaka chumba chake peke yake au chakula cha jioni cha hotelini aongeze kwa nafsi yake, kiwango hakipandi.

Desemba niliichagua makusudi. Safari ingeangukia mwisho wa Januari, na mtu anayepanga kukusanya pesa za starehe mwezi wa Januari hajawahi kununua sare za shule za watoto watatu. Januari ni ya ada na ya mwenye nyumba. Ikifika, safari iwe imeshalipiwa, watu waumie na mengine.

Tukabishana jambo moja ambalo mpaka leo wengine hawakubaliani nami. Siku hizi kuna vikundi vya akiba kwenye simu ambavyo kila shilingi ikiingia, meseji inawafikia wanachama wote. Kuna pia ile orodha ya WhatsApp, majina na alama ya tiki, ambayo kila anayelipa anainakili na kuiongeza. Vyote viwili nilivikataa. Pesa zije kwenye namba yangu, na dada mkubwa wa bi harusi, ambaye tulikuwa tunakwenda naye, awe anaona daftari lote pamoja nami. Matumizi nitayaanika mpaka senti ya mwisho, risiti kwa risiti. Nani kalipa lini ni siri ya watu wawili. Watasema uwazi, uwazi. Uwazi wa makusanyo nimeuona ukimfanya mtu akope kwa riba ili jina lake lisibaki bila tiki.

Tarehe nayo haikuwa ya kujichagulia. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Waislamu na Wakristo wote wakawa wanakimbilia Februari, kumbi zikajaa, washereheshaji wakapandisha bei, wapambaji wakawa hawapokei simu. Harusi ya mwenzetu ilikuwa wiki ya mwisho ya Februari. Katikati ya mwezi huo Mji Mkongwe ulikuwa na tamasha la Sauti za Busara, vyumba vinashikwa mapema, na kuanzia katikati ya Machi inakuja masika. Ikabaki wikiendi ya tarehe 31 Januari hadi 2 Februari. Tarehe ilikuwa nzuri, ila kulikuwa na shangazi.

Shangazi wa bi harusi anakaa Magomeni, na mambo ya mwari kwenye ukoo huo yanapita mkononi mwake. Mimi na yule dada mkubwa tulikwenda kwake Jumapili moja mwezi Oktoba, na halua na boksi la tende. Hatukumpeleka bi harusi, ingekuwa kukosa adabu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Mna neno, maana halua hii si ya bure."

Tukalieleza. Akasikiliza huku akizifungua tende moja moja na kutoa kokwa. Mwisho akasema, "Mwari na bahari, wapi na wapi?" Tukanyamaza. Hapo ndipo kijana wa siku hizi angeanza kueleza haki zake. Dada mkubwa akasema kwa upole kwamba yeye mwenyewe atakuwepo, kwamba ni wanawake watupu, na kwamba mwari atarudi kabla wiki tatu za mwisho hazijaanza, yaani kabla hajawekwa ndani asitoke tena mpaka harusi. Shangazi akamaliza tende zake.

"Mkimrudisha kaungua jua, nyinyi ndio mtakaomsinga."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaliandika hilo kwenye daftari chini ya boti na chakula.

Jambo ambalo wapangaji wengi kutoka bara hawaliangalii ni maji. Wanatazama picha ya bahari ya buluu Paje au Jambiani, wanalipia, wanafika saa nne asubuhi wanakuta mchanga, matope na mashua zimelala ubavu. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea mamia ya mita ndipo yakuguse magoti. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvu, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Sisi mwezi wa Shaaban ulikuwa ndio kwanza unaandama, kwa hiyo nilijua Jumamosi maji yatakuwa yamekwisha kabisa kwenye saa sita mchana na yatarudi alasiri. Niliwaandikia mapema: kuogelea ni kuanzia saa kumi, asije mtu akalia asubuhi.

Kuna aliyesema basi tuhamie Nungwi, kule kaskazini ambako maji hayaendi mbali hivyo. Nilikataa, na sababu yangu sikuiandika kundini. Nusu ya sisi hatujui kuogelea. Tumekulia Dodoma, Njombe, Kahama. Kwenye bahari iliyojaa, watu hao wangekaa kwenye viti wakishika simu na mikoba ya wenzao, wakisema hawajisikii tu. Kwenye bahari iliyokupwa kila mtu ana miguu.

Ijumaa tulivuka na boti ya asubuhi. Kwa anayetapika: kaa chini, sehemu ya nyuma, tafuna tangawizi, usiangalie simu. Mwenzetu aliyetoka Uingereza ndiye pekee aliyekuwa na shughuli ya ziada. Kazaliwa Tanga, anasema Kidigo kuliko shangazi zake, lakini pasi yake ni ya Uingereza na Tanzania haina uraia wa nchi mbili, kwa hiyo viza, nauli ya boti kwa dola, na ile bima ya dola 44 ambayo Zanzibar iliianzisha tarehe 1 Oktoba 2024 kwa wageni kutoka nje. Bima hiyo ilitangazwa sisi tukiwa tumeshaanza kuchanga. Alilipa mwenyewe mtandaoni kabla hajapanda ndege, na bandarini alisimama kwenye mstari wa wageni akitupungia mkono kama balozi.

Kutoka bandarini mpaka Jambiani ni kama kilomita 55. Ukiwa peke yako na begi moja, panda daladala namba 309. Sisi tulikuwa wanane, mtoto mchanga mmoja na dada wa kumlea, kwa hiyo Noah mbili, bei iliyopatanwa kwa simu siku tatu kabla. Usipatane bei getini bandarini ukiwa umevaa kofia ya ufukweni.

Nyumba ilikula karibu nusu ya pesa zote na sijutii. Hoteli nzuri zinataja bei kwa dola na kila soda inaingia kwenye bili, na bili ya pamoja ndiyo inayovunja urafiki: wanne wamekunywa mvinyo, watatu wamekunywa maji, halafu mtu anasema "tugawe tu sawa". Kwenye nyumba tulimwajiri mama mmoja wa kijijini atupikie. Pesa ya soko tulimpa asubuhi, mchana kuna wali, pweza wa nazi, samaki wa kuchoma na kachumbari. Vinywaji kila mtu na mkoba wake. Wawili waliotaka kwenda kula kwenye ule mgahawa ulio juu ya mwamba kule Michamvi Pingwe walikwenda, wakalipa wenyewe, wakarudi wakasema pweza wa mama ni mtamu zaidi. Labda walisema kwa adabu.

Vyumba nilivipanga kabla hatujaondoka Dar na sikukaribisha maoni. Wanaoamka alfajiri kuswali chumba kimoja. Mwenye mtoto na dada wa mtoto karibu na jiko. Wanaokoroma pamoja, na kila mmoja wao anaamini mwenzake ndiye anayekoroma. Bi harusi na dada yake chumba cha mwisho, mbali na sebule, kwa sababu mwezi wa Novemba nilipomuuliza faraghani anataka nini hasa kwenye safari hii, hakutaja muziki wala boti. Alisema, "Nataka kulala mpaka nichoke kulala." Amekuwa akiendesha vikao vya kamati ya harusi yake mwenyewe usiku baada ya kazi. Jumamosi hakuna aliyegonga mlango wake mpaka saa nne na nusu. Ilibidi nimkamate mtu mkono mara mbili.

Fulana zilizochapwa jina la bi harusi nazo nilizipiga chini. Zinavaliwa siku moja, Jumatatu zinakuwa za kudekia. Badala yake kila mmoja alimletea doti ya kanga aliyoichagua mwenyewe, na jioni ya Ijumaa tulikaa chini tukazifungua moja baada ya nyingine na kuyasoma majina yake kwa sauti. Usidharau mchezo huo. Mtu anaonyesha akili yake na moyo wake kwa jina la kanga alilochagua, na aliyetoa nyingi na aliyetoa kidogo wote wameleta doti moja. Kulikuwa na moja iliyowahusu mawifi waziwazi. Dada mkubwa aliisoma, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya lundo.

Jumamosi saa tano tukatoka kwenda baharini kwa miguu, na sharti la shangazi likatoka nasi. Bi harusi alivaa dera la mikono mirefu, juu yake ushungi, juu yake kofia ya ukindu, na dada yake akamshikia mwavuli mweusi. Sisi wengine na viatu vya mpira, kwa sababu ya wale wadudu weusi wa miiba waliojificha kwenye majani. Tulipita kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimepangwa safu na kamba zimevutwa katikati yake. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 na wengi wanaokifanya ni wanawake. Walikuwa wameinama, maji kwenye vifundo vya miguu, wakifunga vishada kwenye kamba bila hata kuangalia vidole. Mmoja akainuka, akatutazama msafara mzima, akauangalia mwavuli.

"Huyo mwari?"

Tukasema ndiye. Akawaita wenzake, wakapiga vigelegele palepale katikati ya bahari isiyo na maji, na mmoja akauliza anaolewa wapi, mahari ngapi, na kwa nini hajawekwa ndani. Bi harusi akajibu yote isipokuwa la mahari. Yule wa Njombe, ambaye maishani hajawahi kuingia baharini zaidi ya magoti, alikuwa mbele yetu wote karibu na mwamba, ameokota kombe, anapiga kelele tumwone.

Picha tulipiga nyingi, na sheria ilikuwa moja: hakuna kuweka stetasi mpaka Jumatatu. Mmoja wetu alikuwa amewaaga kazini kwao kwamba ana msiba Moshi.

Jumapili asubuhi alikuja bibi wa kumsinga bi harusi, jamaa ya yule mama mpishi. Kabla yake kulikuwa na ubishi kidogo, maana kijana mmoja ufukweni alikuwa ametupa ofa ya kumchora bi harusi piko nyeusi kwa bei rahisi, na mwenzetu muuguzi akasimama mlangoni kama askari. Hina yenyewe haiwi nyeusi tii. Nyeusi inayokauka kwa dakika chache mara nyingi imechanganywa na kanta, ile rangi ya nywele, na kemikali yake inaweza kuichoma ngozi ikatoa malengelenge siku chache baadaye na kuacha alama. Alimwambia bi harusi, "Harusi yako ina mpiga picha wa milioni. Unataka apige vidonda?" Piko ikaishia hapo.

Bibi alikuja na kinu chake kidogo, mchi, jiwe la kusagia liwa, na mfuko wa khaki wenye mawaridi, asumini na mlangilangi. Tulimsabahi kwa pamoja kama watoto wa shule. Akaitazama ngozi ya bi harusi kwenye mwanga, akageuza mkono, akaugeuza tena.

"Kaa kitako, mwanangu. Ngozi yataka siku saba, nyinyi mwanipa asubuhi moja."

Akatwanga maua mpaka yakawa rojo la rangi ya udongo, akachanganya na liwa na maji ya marashi, akaanza kwenye vidole, akipanda kidogo kidogo hadi kiwiko, kisha akayasugua yaliyokauka yakadondoka kama makombo, na ngozi iliyobaki chini yake ikang'aa. Alikuwa anaongea muda wote, kwa sauti ya chini, na bi harusi peke yake ndiye aliyekuwa karibu vya kutosha kuyasikia. Tulijaribu kusogea. Akatuambia yetu tungeyasikia siku zetu, na walioolewa walikwisha chelewa. Bei hatukuwa tumeulizana. Dada mkubwa alimfungia pesa kwenye ncha ya kanga, akampa kwa mikono miwili, bibi akapokea bila kuhesabu.

Tulirudi na boti ya alasiri, na usiku huohuo nikatuma hesabu kundini: nyumba, boti, Noah, soko, mpishi, bibi, dharura, na picha za risiti. Dharura niliyotenga ilikuwa 150,000, iliyotumika 86,000, iliyobaki 64,000. Haikupita dakika tano yule wa laki na nusu akaandika, "Dharura gani hiyo? Mbona sikuona dharura?" Noah moja ilisubiri zaidi ya ilivyopatanwa, 36,000. Hamsini iliyobaki ilikuwa ya mtu ambaye mwezi Desemba haikuwezekana, na aliniambia mapema, kwa simu, analia. Nilikuwa bado natafuta maneno pale dada mkubwa alipojibu: "Dharura ni dharura. Nimeona risiti." Mazungumzo yakahamia kwenye picha.

Ile 64,000 ikaamuliwa iwe mbegu ya safari ijayo, kwa sababu mwingine anaolewa Desemba. Huyu hataki bahari, anataka Morogoro, milima ya Uluguru na baridi kidogo. Treni ya SGR kutoka Dar inafika kwa chini ya saa mbili na nauli ya daraja la kawaida ni 13,000, kwa hiyo hata kiwango kitashuka. Sijakitangaza bado. Nimeshapiga simu nyingi, nimebakiza watu wawili, na mmoja wao ndio kwanza amejifungua.